Ngano ya Kaka, Bondeni Kanazi

Tulipoanua matanga ya mama, niliteremka peke yangu hadi bondeni, kulikokuwa na shamba la ngano la kijiji chetu cha ujamaa. Huenda hujui, ndugu yangu, kwamba sisi wa Kanazi tuliwahi kulima ngano. Tuliilima kiangazi, kwa maji ya mfereji, nami nilikuwa msichana wa kuwapelekea wakulima uji wa mtama.

Kijito kilikuwa chembamba. Ukifungulia ngano maji, maharage ya wenzako yanakosa, kwa hiyo hatukumwagilia ovyo. Bwana shamba alimfundisha kaka yangu kuitambua kiu ya ngano, naye akamweleza mama kwa Kihangaza: jani likijikunja mchana, hilo ni jua tu, liache. Ukilikuta asubuhi bado limejikunja, na rangi imefifia, lipe maji.

"Na masuke yakianza kutoka, mama, usiicheleweshe."

Vita vilipozuka, lori lilikuja kuchukua vijana. Kaka aliondoka nalo, amevaa koti la baba.

Kiangazi kilichofuata, mama ndiye aliyepapasa majani kila asubuhi, vidole vimelowa umande. Wanawake wakimhimiza afungulie maji, alijibu tu, "Bado haina kiu."

Siku moja akakuta majani yamesokotana kama uzi, na masuke ndiyo kwanza yanachomoza. Akafungua mfereji. Maji hayajafika hata katikati ya shamba, akaja mwenyekiti wa kijiji pamoja na askari kijana, kofia mkononi.

"Shikamoo, mama," askari akasema.

"Marahaba. Mwanangu umemwacha wapi?"

Askari akainamisha kichwa. Jirani yetu akamshika mama mkono, akamsihi waende nyumbani.

"Niacheni. Alisema nisiicheleweshe."

Akaendelea kuyaongoza maji kwa jembe, tuta baada ya tuta, na hakuna aliyethubutu kumpokea jembe. Yalipofika mwisho wa shamba, aliketi topeni, ndipo akalia.

Ngano ilistawi mno mwaka ule. Kijiji kizima kilinukia maandazi. Mama hakuonja.

Sasa mfereji umefukiwa, bonde zima ni mikaratusi, na vijana niliowauliza habari za ngano walidhani nawatania. Kaka alizikwa huko huko vitani, hatukuonyeshwa wapi. Basi nilisimama pale katikati ya miti, nikamwambia kwamba mama amefariki.