Gari la Baba Linachemka Mlimani

Mimi ni mwoga wa magari. Leseni ninayo, ujasiri sina. Kwa hiyo binti yangu aliporudi kutoka shule akasema, "Mama, gari la Babu linanuka kama mkate ulioungua," chakula kilinishinda.

Tunaishi Niboye, Kigali, mimi, mtoto na Baba. Mimi huondoka mapema kwenda kazini kwenye ghala huko Masoro, na Baba ndiye humpeleka mjukuu wake shule kwa gari lake la otomatiki. Njia yenyewe ni mlima mtupu. Basi nikawa nimesimama ghalani katikati ya maboksi, naliona akilini gari limezimika kwenye mwinuko, linarudi nyuma, na mwanangu yuko kiti cha nyuma. Simu ikilia naogopa kuipokea.

Baba alinicheka. "Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema. "Tulipeleke gereji, liseme lenyewe."

Fundi wetu, mtu wa maneno mengi aliyekulia Burundi, alichomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, akakinusa, akaniletea puani. Oili ilikuwa nyeusi, inanuka moshi.

"Giaboksi iko na homa, mama. Iko inachemka mpaka oili inaungua."

Akamwaga oili, akatia mpya, akasafisha na rejeta inayoipoza. Wiki haikuisha, taa nyekundu ya joto ikawaka tena, mlima uleule, mtoto akiwa ndani. Safari hii niliogopa kwelikweli. Nilimwambia Baba gari liuzwe. Akanuna.

"Kwa gereji haiko na shida," fundi alisema tuliporudi kwake. "Inagonjwa kwa njia. Twende tuione pale inagonjwa."

Akachomeka kidude chake chini ya usukani, akakaa nyuma na simu iliyokuwa ikimwonyesha joto la oili. Mimi nikakaa mbele, kando ya Baba. Tukashuka salama, tukaanza kupanda, na kila nilipouliza fundi alijibu, "Iko sawa." Nikaanza kupumua. Katikati ya mlima tukakuta foleni, Baba akasimama.

"Inapanda," fundi akasema. Kisha kwa sauti kubwa zaidi: "Muzee, tumesimama na joto iko inapanda! Umekanyaga nini?"

Gari lilikuwa tuli, lakini injini ilikuwa ikinguruma.

"Nimelishika kwa mafuta," Baba alijibu huku akitabasamu.

Tabasamu lile nalijua. Baba alizaliwa Tanzania, na alipohamia huku alifanya mtihani wa udereva hapahapa Kigali. Polisi humsimamisha mtahiniwa mlimani, kisha humtaka aondoke bila gari kurudi nyuma hata kidogo. Unacheza na klachi na mafuta, gari linaning'inia. Wengi huanguka pale. Yeye alipita mara ya kwanza, na hakuna mgeni aliyewahi kukaa sebuleni kwetu asisimuliwe.

"Ayi, muzee! Hiyo ni ya gari ya klachi," fundi akacheka. "Hii ukiishika hivyo unapika oili. Giaboksi ni nzima. Kanyaga breki, basi."

Nilicheka na mimi, kwa raha kabisa. Kumbe hofu yote ile ilikuwa ubishi wa mzee tu!

Baba hakucheka. Aliinamisha kichwa, akautazama mguu wake wa kulia, akausogeza polepole kama mtu anayetafuta ndala chini ya kitanda. Ngurumo ya injini ikashuka. Gari likaanza kurudi nyuma. Pikipiki iliyokuwa nyuma yetu ikapiga honi, na mimi nikaivuta breki ya mkono kwa mikono yangu miwili.

Tulisimama. Baba anaumwa sukari, hilo tunalijua, dawa anameza mbele yangu. La mguu hakuwahi kusema.

"Baba, mguu una nini?"

"Umekufa ganzi, mwanangu. Siku nyingi." Bado alikuwa akiutazama. "Mafuta nayasikia kwa masikio. Injini ikinguruma najua mguu uko wapi. Breki haina sauti."

Niligeuka nyuma. Fundi alikuwa na simu yake mkononi, amekaa pale pale anapokaa mwanangu kila asubuhi.

Baba alifungua mlango, akazunguka gari akishikilia boneti, akasimama dirishani kwangu. Honi zilikuwa zinalia mlima mzima.

"Hamia kule, uendeshe wewe," alisema. "Kanyaga breki kwanza."

Nilihamia. Nikakanyaga breki, nikaisikia chini ya unyayo, nikaanza kulia.