Lakiri Ndani ya Bangili

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka huona haya, na mimi si mtu wa kuona haya upesi. Ilikuwa Temeke, zama za Mwingereza, vita vya Hitla vimekwisha karibuni, nami nina miaka ishirini na miwili na ulimi mrefu kuliko akili.

Nilikuwa nakaa Kinondoni na shangazi yangu, Bi Tatu. Kinondoni ile usiifananishe na hii yenu. Ilikuwa minazi, mihogo na nyumba chache. Shangazi alifanya biashara ambayo sikuiona kwa mwanamke mwingine: alinunua na kuuza mapambo ya zamani. Vikuku vya miguuni, mikufu, vipini vya pua, majasi ya masikioni, vitu walivyovaa bibi zetu kabla Mjerumani hajaingia. Alivifunga ndani ya kanga, kanga akaitia kikapuni, juu yake akaweka bamia ili wezi wadhani anatoka shamba. Alizunguka Kunduchi, Magomeni, Temeke hadi Mbagala, na kila nyumba alikaribishwa ndani, kwa sababu hakuwa na papara. Alikaa, akanywa kahawa, akauliza hali za watoto. Bei ilikuja mwisho kabisa. Kwanza aliuliza pambo lile alilivaa nani, na siku gani.

Ungemwona anavyolishika! Alipitisha kidole upande wa ndani wa bangili akakwambia kama ilivaliwa miaka mingi au ilikaa sandukuni, maana ngozi ya mtu huisugua fedha taratibu ikawa laini. Kwa kutazama maua tu alijua lipi limefuliwa Unguja na lipi limetoka Bara Hindi. Mjini alikuwa na mteja mmoja, mke wa tajiri wa Kihindi, Mshia, mama mpole aliyekusanya mapambo ya kale na kuyalaza ndani ya pamba, kila moja na jina la mwenyewe wa kwanza. Mama yule alizoea kumwambia, "Bi Tatu, wewe huniuzii fedha, waniuzia watu." Sijapata kusikia sifa ya biashara nzuri kuliko hiyo.

Nilijifunza kwake miaka miwili nikadhani nimehitimu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilikuwa nimesifiwa mara moja tu! Tena nilikuwa na mwalimu mwingine wa pembeni, bwana mmoja wa sokoni aliyenunua mapambo kwa mizani ili akayayeyushe. Yeye hakujali nani alivaa nini. Alinifundisha kwamba pambo likiwa zito, na ukiligonga lisilie vizuri, ujue ndani mna taka, na dawa yake ni kulitoboa. Akanipa na msharasi, ile sindano nene ya washona viatu. Nikautia kikapuni, najiona fundi.

Sasa, kule Temeke alikuwapo mjane mmoja, Bi Mgeni. Mumewe alikuwa anatimiza mwaka tangu afariki, na hitima yake ilipangwa Alhamisi. Bi Mgeni alitaka kuuza bangili moja kati ya mbili alizopewa na mumewe siku ya harusi, apate mchele na mbuzi wa hitima. Ilikuwa Jumatatu, mguu wa shangazi ulikuwa umevimba, akanituma mimi. "Nenda ukamsikilize," akaniambia. "Usinunue, usiseme bei. Mie nitakwenda keshokutwa."

Kusikiliza, mwanangu, ndiyo kazi niliyopewa. Kazi nyepesi kuliko zote, nayo ikanishinda.

Bi Mgeni alinipokea vizuri. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanitandikia mkeka, akatoa bangili zake. Zilikuwa pana, za fedha, na maua yametuna juu yake hata ukatamani kuyachuma. Akanieleza kwamba mumewe alikuwa mchukuzi bandarini, na alijinyima miaka mitatu ili amnunulie. "Alinivalisha mwenyewe, kwa mkono wake," akasema. "Miaka arobaini nimekaa naye, sijamkamata na uongo hata wa senti ya chumvi."

Mimi, badala ya kusikiliza, nikaigonga bangili kwenye tendegu la kitanda. Haikulia vizuri.

"Bibi, humu ndani mna kitu."

"Kitu gani?"

"Taka. Hii si fedha tupu."

Akacheka. "Mwanangu, hii kanipa mume wangu."

"Najua, bibi. Lakini si kila king'aacho ni dhahabu."

Nikatoa msharasi. Alisita, kisha akaniachia bangili ile, kwa kuwa hakuwa na shaka yoyote juu ya mumewe. Nikatoboa upande wa ndani. Zikadondoka chembe za rangi ya kutu.

"Unaona? Lakiri hii, ile ile wanayofungia barua za serikali. Bibi yangu, mzee alikupaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

Hakubisha. Aliziinamia zile chembe, akauliza kwa sauti ndogo, "Na hiyo nyingine?" Nami, kwa kiherehere changu, nikaitoboa na hiyo. Ikatoa vile vile. Bi Mgeni akazifunga zote mbili kwenye kitambaa, akazisukuma mvunguni kwa mguu. "Mwambie shangazi yako asihangaike kuja," akasema. "Hitima haipo tena."

Nilirudi Kinondoni kichwa juu. Nilimkuta shangazi anamenya mihogo, nikamsimulia jinsi nilivyotuokoa tusiuziwe mbuzi kwenye gunia. Kisu kikasimama.

"Umetoboa zote mbili?"

"Zote, shangazi. Zote lakiri."

Akaweka kisu chini. "Fedha ikifuliwa nyembamba ili maua yatune, ndani hubaki uwazi," akasema. "Fundi humimina lakiri iliyochanganywa na unga wa tofali, ndipo apige nyundo na fedha isipasuke. Pasipo lakiri hakuna ua. Kazi ya namna hiyo ni ghali kuliko fedha tupu, na yule mzee alipewa kitu cha haki kwa jasho lake. Huyo rafiki yako wa mizani anayeyusha, kwake lakiri ni hasara. Wewe umeazima macho yake ukaenda kuitazamia mali ya mtu." Kisha akaongeza, "Mume wa Bi Mgeni alikufa mwaka jana. Leo umemuua mara ya pili."

Mwanangu, nimewahi kuchapwa bakora, na nimewahi kupewa talaka. Hakuna kilichoniuma kama maneno yale. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Nilikuwa nikiisema methali hiyo tangu utotoni bila kujua maana yake.

Asubuhi yake shangazi alifunga mguu wake kitambaa, akaniegemea begani, tukatembea kutoka Kinondoni hadi Temeke. Njia nzima sikuthubutu kusema tupumzike. Bi Mgeni alitupokea kwa adabu, lakini mkeka hakutandika. Shangazi akamweleza yote kuhusu nyundo, lakiri na maua. Mjane akatikisa kichwa.

"Bi Tatu, umekuja kunipoza tu. Maneno matamu nimelishwa miaka arobaini, nimeshiba."

Hapo nikaelewa ukubwa wa kosa langu. Nilikuwa nimemharibia hata masikio; kila jema aliloambiwa juu ya mumewe aliliona uongo mwingine.

Shangazi alikuwa na bangili moja mkononi ambayo haikuwa ya kuuzwa. Ilikuwa ya mama yake. Yule mama wa Kihindi aliiomba mara mbili kwa bei nzuri sana, na mara zote mbili shangazi alicheka tu. Sasa akaivua. Ilimpa taabu kutoka, kwa kuwa mkono ulikuwa umenenepa tangu ilipovaliwa. Akaniwekea mapajani.

"Toa msharasi wako."

"Shangazi, jamani, hii hapana."

"Toboa. Bi Mgeni, wewe tazama."

Mara ya kwanza nilikosea nikaichuna fedha. Mara ya pili ikatoboka. Zikadondoka chembe za rangi ya kutu juu ya kanga yangu. Bi Mgeni akaziokota. Akainama mvunguni, akatoa bangili zake, akazigongagonga juu ya kiganja hadi zikatoa chembe zake, akazilaza pamoja na zile.

"Ni kitu kimoja," akasema.

"Kimoja. Na hii baba yangu alimpa mama yangu, na mama yangu hakuwa mwanamke wa kudanganywa."

Bi Mgeni akazivaa bangili zake zote mbili, moja kila mkono, ndipo akalia. "Jana nimemtukana, Bi Tatu. Nimemtukana marehemu wa watu, naye hana wa kumjibia."

Bangili haikuuzwa, na shangazi hakuitaja bei. Alhamisi hitima ilisomwa bila mbuzi wala pilau; tuliandaa mihogo, maandazi na kahawa, na maji yote niliyachota mimi. Mwalimu wa Kurani alipouliza hitima inasomwa kwa ajili ya nani, wanaume walitazamana nani ajibu. Sauti ikatoka nyuma ya pazia, kwa wanawake. "Salehe bin Mrisho," akasema Bi Mgeni. "Mume wangu. Mtu mkweli."

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Ukipewa kitu cha kale mkononi, usikishike kama askari aliyemkamata mwizi. Uliza nani alikifanya, kwa nini alikifanya hivyo, na nani alikipenda. Usilolijua, sema hulijui. Kuuliza si ujinga, ujinga ni kutoboa kwanza. Na ukimjeruhi mtu kwa ulimi, usimtume mwingine akamtibu. Nenda mwenyewe, na ukubali kupoteza kitu unachokipenda, maana maneno peke yake huenda yasitoshe.

Mwenyezi Mungu akupe jicho la kuiona kazi ya mikono ya watu na subira ya kuisikiliza. Akujaalie na mwenzi ambaye hutasita kumtaja kwa jina lake mbele ya watu, naye asisite kukutaja wewe. Amina.