Muhuri Juu ya Kadi ya Samwel

Waandishi wa historia ya maktaba huhesabu majengo na vitabu. Mimi naandika habari ya kadi moja na ya mwanamke aliyeitunza.

Kwa miaka ishirini na sita Salvina alishika katalogi ya maktaba ndogo ya umma iliyokuwa Nyahanga, mjini Kahama. Kompyuta ilikuwa haijafika. Kila kitabu kilikuwa na kadi yake katika droo za mbao. Mtu alipokiazima alitia sahihi juu ya kadi hiyo, nayo ikawekwa kando hadi kitabu kirudi. Hapo ilipigwa muhuri wenye tarehe ya siku hiyo: KIMERUDI. Watu walimwuliza Salvina lolote, dawa ya kupe au mpaka wa nchi, naye alijibu kwa kufungua droo, si kwa kubahatisha. Kazi ile kwake ilikuwa ibada, na uongo aliuandika mara moja tu.

Samwel, kijana wa Ushirombo, aliazima kitabu cha ufugaji wa nyuki. Alitaka kuacha uchimbaji. Mwezi huohuo duara, kama wachimbaji waitavyo shimo lao, lilititia upande wa Mwakitolyo likamfukia. Mwili haukupatikana. Wiki tatu baadaye ikafika zamu ya kuandika barua za kudai vitabu. Salvina hakuweza kumdai mfu. Akapiga muhuri, akairudisha kadi drooni, akamwombea marehemu.

Agatha, mama yake Samwel, alikuja siku ambayo Salvina hakuwapo, akitafuta walau mwandiko wa mwanawe. Karani mwingine, Festo, akamtolea kadi.

“Sahihi yake hii hapa, mama. Na kitabu alikirudisha.”

“Lini?”

Festo akamsomea tarehe, wiki tatu baada ya duara kutitia. Agatha akahesabu majuma kwa vidole, akarudia kuhesabu, kisha akaenda kuketi kwenye benchi la mlangoni.

Aliketi hapo kila Jumamosi kwa mwaka mzima, akiinua uso kila mlango ulipolia. Salvina, aliposimuliwa na Festo, aliungama, padri akamwambia amwendee mama yule. Hakwenda. Kila alipovuta droo ya nyuki alihisi mtu akipumua nyuma ya bega lake, na harufu ya udongo mbichi. Wasomaji waliendelea kukiomba kitabu kile, maana katalogi ilisema kipo, naye alikwenda rafuni kutazama pengo alilolijua.

Jumamosi moja Agatha akasogea mezani.

“Shikamoo, Mama Samwel.”

“Marahaba. Leo nimekuletea kazi. Samwel hasomi kitu kimoja mara mbili, mwalimu wake alikoma. Nitafutie kitabu kingine cha nyuki, umfichie. Akija asikute kimechukuliwa.”

“Mama Samwel…”

“Na ndugu wameanza tena maneno ya matanga. Kwa mila baba yake hanyolewi mpaka yafanywe, sasa mume wangu Telesphori anatisha mbuzi kwa zile nywele. Nimewaambia, mfu harudishi kitabu.”

Mkono wa Salvina ulikuwa tayari ndani ya droo. Akautoa mtupu.

“Muhuri niliupiga mimi,” akasema. “Samwel hakurudi.”

Agatha akauliza: “Kwa nini?”

“Nilikuhurumia. Sikutaka barua ya madai ikukute msibani.”

“Ulinihurumia.” Alilitamka neno hilo kama mtu aliyeonja chakula kilichochacha. “Basi utakuja Ushirombo uyaseme hayo mbele ya ukoo. Mimi hawatanisikia, nimewabishia mwaka mzima.”

Salvina alikwenda. Alisimama uani mbele ya watu walioketi juu ya mikeka, akaeleza alichofanya bila kujitetea. Hakuna aliyemtukana; matusi yangekuwa nafuu. Telesphori aliinuka, akavuta kigoda katikati ya uwanja, akaomba wembe. Agatha ndiye aliyeleta maji, na alipokuwa akimlowesha mumewe kichwa, akaanza kumlilia mwanawe kwa jina.