Nne, Tatu, Nne, Tatu

Jamani, kuna watu wanaagwa huku wanasikia. Kaka yangu ni mmoja wao.

Kaka ni fundi wa kuandika vibao vya maduka. Mtaa mzima unamwita Herufi, maana ukimtajia jina la duka, kabla hajashika brashi ameshakwambia lina herufi ngapi.

Alikuwa na mchezo wake wa kunikera. Taja namba kwa Kiingereza, hesabu herufi zake. Namba uliyopata, nayo ihesabu herufi zake. One ina herufi tatu. Three ina tano. Five ina nne. Four ina nne, hapo umekwama.

"Anzia popote, mdogo wangu, utaishia four tu," ananiambia, anacheka mwenyewe.

Basi, siku moja ngazi ikateleza. Akaangukia kichwa.

Wiki zikapita amefumba macho, mashine inampumulia. Daktari akatuita, akasema kwa upole kwamba haonyeshi dalili ya kusikia, tujiandae mashine izimwe. Shangazi akaangua kilio cha msiba kabisa.

Nikawaka. "Haizimwi! Herufi ananisikia!"

"Tuonyeshe," daktari akasema.

Nikamshika mkono kaka. Akili ilikuwa imeruka.

"Kaka, mchezo wetu! Anza na moja. Moja, kaka, nakuomba!"

Kidole kikagonga shuka. Mara nne. Kikatulia. Mara tatu. Kikatulia. Nne tena. Tatu tena.

Mimi nilikuwa nasubiri tatu, tano, nne, basi.

"Pole, dada," daktari akasema. "Hiyo ni misuli tu inajirusha."

Nikatoka, nikakaa sakafuni kwenye korido, nikalia bila aibu. Shangazi akanifuata, akanikumbatia.

"Mwanangu, kubali tu. Umemwambia moja, yeye anagonga nne."

Moja.

Nikahesabu kwa vidole. M, o, j, a. Nne! Nne yenyewe: n, n, e. Tatu! Na tatu ina nne!

Mungu wangu! Nimemuuliza kwa Kiswahili, halafu nasubiri jibu la Kiingereza!

Nikarudi mbio, ndala moja ikabaki koridoni. Kidole kilikuwa bado kinagonga.

"Daktari, mbili ina herufi ngapi?"

Akanitazama kama nimechanganyikiwa, ila akahesabu. "Tano."

"Na tano?"

"Nne."

"Na nne?"

"Tatu. Kwani vipi?"

"Mwambie mbili. Mwambie wewe mwenyewe!"

Akainama sikioni kwa kaka. "Mbili."

Kidole kikatulia kwanza. Kisha kikagonga tano. Nne. Tatu. Nne. Tatu.

Daktari akakaa kitandani bila kujijua. Akamgeukia nesi: "Mashine isiguswe."

Shangazi alipiga vigelegele mpaka tukafukuzwa wodini.

Leo Herufi anakaa kitini, maneno yanatoka kwa kuvuta. Juzi nikamuuliza, "Mbona hukuacha kugonga hata nilipotoka?"

"Ungeniuliza kwa Kizungu, ningefika four nikanyamaza," akasema. "Kwa Kiswahili ni nne, tatu, nne, tatu, hakuna mwisho. Nikasema ngoja nigonge mpaka huyu mjinga ashtuke."

Nilicheka, halafu nikalia tena.

Ndugu zangu, mgonjwa wako akikujibu usichotarajia, usikimbilie kusema amekwenda. Kumbuka kwanza wewe ulimuulizaje.