Kisanduku cha Mama Chediel

"Mama Chediel, watu wako wote wamejazana nyuma ya nyumba. Sasa wewe huku mbele unamlinda nani?"

Evodia aliulizwa swali hilo na jirani yake Joyce, fundi cherehani, asubuhi moja ya mwezi wa sita, alizeti zimeshavunwa na upepo wa Kinampanda unapuliza baridi ya kuuma meno. Joyce alisimama mlangoni pa maktaba, futi ya kupimia nguo inaning'inia shingoni. Evodia alikuwa amekaa kwenye meza yake, kilemba kimenyooka, mikono juu ya kitambaa alichokifuma mwenyewe. Mbele yake mabenchi manne yalikuwa matupu.

"Nalinda vitabu," akajibu.

"Dhidi ya nani? Hata mwizi anaogopaga kuingia humo."

"Anaogopa nini?"

"Tangazo," Joyce akasema, akaondoka anacheka.

Matangazo yalikuwepo kweli, matatu, yamebandikwa ukutani kwa herufi kubwa. La kwanza: OSHA MIKONO. La pili: KIMYA. La tatu: VITU VYOTE VYA THAMANI VIFUNGIWE KABATINI. Aliyeyaandika ni Mzee Naftali, mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kamati ya majengo ya usharika, ambaye nyumba yake inapakana na maktaba kwa nyuma. Mzee Naftali alipenda kuandika matangazo kama wengine wanavyopenda ugoro. Hata kwenye banda lake la mbuzi lilikuwepo moja.

Maktaba yenyewe ni chumba kimoja pembeni ya kanisa. Evodia alikabidhiwa ufunguo wake akiwa bado mama kijana, Chediel wake, ambaye sasa anafanya kazi reli kule Itigi, akiwa anabebwa mgongoni. Alikuwa amemaliza darasa la saba na hakuchaguliwa kuendelea, lakini hamu ya kusoma haikujua habari hizo. Mwinjilisti wa zamani, Mungu amweke pema, alimkuta siku moja amesimama dukani anasoma maandishi ya kwenye mfuko wa sukari, mbele na nyuma, na alipomaliza akaugeuza akaanza upya. "Binti," akamwambia, "njoo nikupe kitu kirefu zaidi." Akampa ufunguo.

Tangu hapo Evodia alisoma kila kilicholetwa. Katoni zilikuja na vitabu vya kila namna, waliozituma hawakuuliza wasomaji ni akina nani. Alisoma kitabu kizima cha kutengeneza injini ya trekta, yeye mwenye majembe mawili na moja limelegea mpini. Akasoma kingine cha kupanga maua kwenye sherehe za kitaifa. Wanawake wenzake walimtania kwamba siku rais akifika Kinampanda bila maua, aitwe Mama Chediel.

Basi mwaka jana akaja Lucy, mtumishi wa maktaba kutoka Singida mjini, dada mpole, amebeba kisanduku cheusi kisichozidi ukubwa wa sahani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Katoni zimebaki kwenye gari?"

"Hakuna katoni, mama. Vitabu vyote vimo humu. Vya shule, vya kilimo, vya hadithi, vingine vinajisoma vyenyewe kwa sauti. Mtu akikaribia na simu ya kupangusa, anasoma au anasikiliza bila kutumia bando."

Evodia akakinyanyua kisanduku kwa mikono miwili, akakishusha, akakinyanyua tena. "Mbona hakina uzito?"

Lucy alimwelekeza jinsi ya kukiwasha na kukichaji kwa sola, wakaomba pamoja, akaondoka zake. Evodia akanawa mikono. Akakifunika kisanduku kwa kitambaa kilichofumwa, akakiweka ndani ya kabati la chuma, akafunga kwa ufunguo, akauingiza ufunguo kifuani. Tangazo linasema vitu vyote vya thamani, na kitu chenye thamani kuliko hicho kilikuwa bado hakijaingia Kinampanda.

Watu walikuja. Walisimama katikati ya chumba, simu zimenyanyuliwa juu kama wanapima mvua, hawakupata kitu. Wiki ya kwanza wakavumilia. Wiki ya pili wakasema mama wa watu kaletewa boksi tupu. Mwisho akaja Leonard, kijana wa bodaboda, asiye na subira hata na abiria wake.

"Mama, hicho kitu kimekufa. Usione aibu kusema."

"Hakijafa. Kimelala salama."

"Kiko wapi?"

Evodia akatoa ufunguo kifuani, akafungua kabati. Kisanduku hakijavuliwa hata kitambaa, simu ya Leonard ikalia: imekinasa. Leonard akaitazama. Akamsogeza mama pembeni kwa adabu, akafunga mlango wa kabati. Simu ikanyamaza. Akafungua. Ikalia.

"Mama! Umevifunga vitabu jela!"

Walicheka mpaka Evodia akakaa chini. Kumbe kabati lile nene, lililowashinda panya na mchwa, liliwashinda wasomaji nao. Siku ile ile akakihamishia kisanduku kwenye dirisha la nyuma, karibu na waya wa sola, na ndipo mambo yalipoanza kugeuka, ila hayakugeuka upande alioutazamia yeye.

Kwa sababu dirisha la nyuma linatazama nyuma. Nyuma ndiko Joyce alikoweka cherehani yake, ndiko bodaboda wanakosubiri abiria, ndiko kivuli kinakokaa tangu saa nne. Watu wakafuata kisanduku. Mabenchi ya ndani yakabaki na nzi mmoja mnene, ambaye Evodia alianza kumsalimia asubuhi.

Ndiyo maana swali la Joyce lilimchoma. Akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya saa za kazi. Akafunga mlango wa mbele, akazunguka nyumba.

Kule nyuma aliwakuta. Joyce anakanyaga cherehani huku simu mezani inamsomea kitabu cha kukata mashati, akikosea anamwambia msomaji, "Hebu rudia, baba," na kuigusa simu. Leonard amelala chali juu ya pikipiki yake, anasoma habari za kideri, ule ugonjwa wa kuku, kwa sauti, na wenzake wanabishana naye kila mstari. Mama mmoja anamenya viazi, binti yake anamsomea hesabu za darasa la sita, na mama ndiye anayejibu. Kelele tupu. Hakuna aliyenawa mikono.

"Karibu mama!" Leonard akaita. "Umekuja kutunyamazisha?"

"Kwa nini hamkai ndani? Kuna mabenchi."

"Ndani kwako mtu akipiga chafya anaomba radhi," Joyce akamjibu. "Hapa nashona, nasoma, nacheka. Wewe mwenyewe umecheka mara ngapi humo ndani?"

Evodia akageukia pembeni. Macho yake yakaenda mbali kidogo, kwenye ua wa Mzee Naftali. Mzee alikuwa amekisogeza kiti chake mpaka kimegusa ukuta wa maktaba. Amefumba macho. Waya mweupe ulitoka mfukoni mwa koti, ukapanda shingoni, ukaingia chini ya kofia ya sufu.

"Shikamoo mzee," Evodia akamsalimu.

Mzee akashtuka, akaushika waya kama mtu anayejikuna. "Marahaba, marahaba. Napumzika tu, mama. Jua la hapa ni zuri."

Alikuwa kivulini. Evodia akasema, "Ni zuri kweli, mzee," akarudi mbele. Mtu mzima anaheshimiwa hata akiota jua la kivulini.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Mzee Naftali alisimama kutoa matangazo. Magunia ya alizeti ya sadaka ya mavuno, alisema, yamelala nyuma ya madhabahu tangu mwezi uliopita, mchungaji anahubiri na panya wanaitikia. Watu wakacheka. Kisha akakunja uso. Kamati imeona maktaba haina wasomaji. Mwenyewe amepita mlangoni si mara moja, amekuta mabenchi matupu. Alhamisi kamati itakuja pamoja na mchungaji. Ikikuta chumba kitupu tena, vitabu vitafungwa kwenye katoni, kisanduku kitarudishwa Singida, na chumba kitakuwa stoo ya alizeti.

Evodia alibaki kwenye benchi lake wengine wakitoka. Miaka yote ile, na chumba kile ndicho kilichokuwa shule yake ya sekondari. Aliwaza kuwaomba watu waje kukaa ndani Alhamisi, wapange mstari, wanyamaze. Lakini huo ungekuwa uongo wa kuvaa nguo nzuri, na yeye uongo haumpendezi. Akamwambia Bwana hivyo hivyo, bila maneno ya kupamba: "Mimi sitaki kudanganya mtu. Nataka waone tu." Akanyanyua macho. Kupitia mlango wa pembeni wa kanisa na ule wa maktaba, yote wazi, liliwaka tangazo la tatu kwa herufi zake kubwa. Evodia akalisoma. Akatabasamu. Akajisahihisha, akalisoma tena akiwa hana tabasamu, lakini lilikuwa bado linasema vile vile.

Alhamisi alifika mapema. Akanawa mikono. Alipoiona kamati inakaribia, akakitoa kisanduku dirishani, akakifunika kitambaa, akakiweka kabatini, akafunga. Agizo ni agizo. Kisha akakaa mezani kwake, mpole kama maji ya mtungini.

Kamati ikaingia: mchungaji, wazee wawili, na Mzee Naftali mbele yao akiwa na rula ya seremala ya kupimia magunia yataingia mangapi.

"Bwana Yesu asifiwe, mama."

"Amina. Karibuni mkae. Nafasi zipo."

"Hilo ndilo tatizo," Mzee Naftali akasema, akaanza kupima ukuta. "Mchungaji, mnaona wenyewe. Hakuna mtu."

Hajamaliza neno, mlango ukajaa. Leonard.

"Shikamooni wazee. Mama, nini tena? Nimefika kwenye dawa ya matone, naambiwa hakuna kitu! Kuku kumi na tano wananisubiri!"

Nyuma yake Joyce, na kipande cha kitambaa mkononi. "Mama Chediel, kola yangu! Kitabu kimekatika wakati nimeshika mkasi! Nikate wapi sasa? Nikate shingo ya mteja?"

Nyuma ya Joyce mama wa viazi na binti yake, na bodaboda wawili, na mwalimu mmoja aliyekuwa anapita kumbe naye hapiti tu. Wakaingia wote, wakakaa, wakasimama, wengine wakaegemea rafu. Hakuna aliyenyamaza. Mzee Naftali alishikilia rula yake kifuani, hana pa kuiweka.

"Hawa wote wametoka wapi?" mchungaji akauliza.

"Nyuma, baba mchungaji," Evodia akasema. "Ndiko wanakosomea kila siku."

"Hao ni wazururaji," Mzee Naftali akadakia. "Nawaona kila siku. Wanakaa tu ukutani, hawana kazi!"

Na hapo, kama mtu aliyeitwa, akaingia mke wake, Eliana, mwanamke wa maneno machache na sauti kubwa. Mkononi ameshika simu ya mzee, waya mweupe unaning'inia.

"Baba Zefania! Ile hadithi imekatika."

"Hadithi gani, mama?" mzee akauliza polepole sana, macho yakimwomba.

Eliana hakuyaona macho. "Ile ya yule mjane na mwenye mashine ya kukamua mafuta. Amemwuliza ataolewa naye au hataolewa, mjane akavuta pumzi, basi, kimya! Najua ulisema nisiendelee bila wewe. Nilitaka kusikia jibu tu, ningekurudishia pale pale."

Watu wote wakamgeukia mzee. Kisha Joyce akatoa sauti kama bata, Leonard akaangukia rafu, na mchungaji, mtu wa Mungu, akageukia ukuta mabega yakitikisika. Alipogeuka tena alikuwa anafuta macho.

"Mzee wangu," akasema, "na wewe ni mzururaji?"

Mzee Naftali akavua kofia, akaivaa tena. Akamgeukia Evodia. "Mama, umekifanya nini kisanduku?"

"Nimekifungia kabatini, mzee. Kama ulivyoandika." Akaonyesha tangazo kwa mkono mzima, kwa heshima.

Mzee akalitazama andiko lake kama mtu anayekutana na mtoto wake amelewa. Akavuta benchi, akapanda, akalibandua. Aliposhuka hakujua alifanyie nini, akalikunja akalitia mfukoni pamoja na rula. "Alizeti zitakaa kwangu," akanong'ona. "Banda la mbuzi lina nafasi."

"Mbuzi watazila," Eliana akasema.

"Nitaandika tangazo."

Walipomaliza kucheka, mchungaji akamwuliza Evodia anataka kamati imfanyie nini, maana chumba hakiondoki. Wote wakamtazama. Kilemba chake kilikuwa kimepinda kidogo kwa kucheka, naye hakukinyoosha. Akatoa ufunguo kifuani, akafungua kabati, na simu zikaanza kulia moja baada ya nyingine, ya Eliana ikitangulia. Akakirudisha kisanduku dirishani, akaliacha dirisha wazi, ndipo akasema:

"Naomba mabenchi mawili ya humu ndani yahamishiwe nyuma, upande wa kivuli, na meza yangu iende nayo."