Gari la Kuvuta Mahema Mabichi

Kama kuna kazi inayoweza kukufanya umchukie dada yako wa tumbo moja, ni kumwagia maji mahema makavu jua likiwa la utosi. Nimeyafua mwenyewe, nimeyaanika mwenyewe, yamekauka vizuri, halafu mwenye mali anatoka jikoni na kuniambia nichukue mpira wa maji niyaloweshe yote upya, kwa sababu kuna mtu analeta gari la kujaribu. Majirani walikuwa wakichungulia juu ya ukuta. Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara akaniuliza kama nayamwagilia ili yaote. Nilimgeuzia mgongo nikaendelea kumwaga maji.

Dada yangu anakodisha mahema na viti. Alianza na hema moja lililotobolewa na panya, akalitia viraka hadi likawa la heshima, na sasa anayo ya kutosha kujaza tela. Anajua kushona turubai, kulikunja na kulifunga; kuendesha gari hajui na hataki kujifunza. Hiyo ilikuwa kazi ya mumewe, shemeji yangu, ambaye mtaa mzima ulimwita Dereva. Ulimwita, nasema, kwa sababu tangu gari dogo tulilokuwa nalo limtende, ukimwita Dereva haitiki.

Lile gari tulilinunua kwa macho, tukubali tu. Lilikuwa SUV ndogo nyekundu inayong'aa, na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kukaa ndani na kukataa kushuka. Muuzaji alipotutajia uzito linaoweza kuvuta, tulipima tela na mzigo wake, tukaona linapita kwa raha. Hakutuambia kwamba ile ni hesabu ya tela lenye breki zake. Letu lilichomelewa mtaani kwa mabomba ya geti la zamani na halina breki hata ya kusingizia. Na sisi wenyewe, watu wa mahema, ambao kila msimu tunavunjika migongo kwa kubeba turubai lililonyeshewa, tulipima mahema makavu.

Basi siku moja tukarudi kutoka kazini baada ya mvua. Kilima cha kupandia nyumbani kwetu ni kifupi ila kimesimama, na gari lilipofika katikati likaishiwa pumzi. Dada akashuka na kwenda nyuma na jiwe la kuzuia gurudumu, kama alivyozoea. Breki hazikushika. Tela likaanza kulirudisha gari nyuma, na shemeji, huku amekanyaga breki kwa nguvu zake zote, akamwona mkewe kwenye kioo, kisha hakumwona tena.

Alikuwa amerukia mtaroni. Alitoka na tope mpaka masikioni, jiwe bado mkononi, na tela likaishia kwenye ukuta wa fundi cherehani. Hakuna aliyeumia. Lakini shemeji aliingia ndani, akaweka funguo juu ya kabati, na tangu siku hiyo hakushika usukani.

Lile gari tuliliuza. Dada akajaribu kukodi magari na madereva wa watu. Mmoja alichelewa hadi wageni wakakaa juani, mwingine akaburuza turubai barabarani hadi likabaki matambara. Wateja walianza kutukimbia. Hapo ndipo dada aliposema anataka gari litakaloshika kwenye kilima kile na mahema mabichi nyuma, na dereva wake awe mumewe, si mwingine. Mimi nilitaka jambo moja tu, mambo haya yaishe.

Hayakuisha. Tulizunguka yadi za magari mpaka walinzi wakawa wanatusalimia kwa kutuuliza habari za nyumbani. Kila gari shemeji alilipata na dosari. Hili pua yake mbaya, lile viti vyake vitaunguza watu mapaja, hili linaonekana la mtu mwenye madeni, lile mlango wake unalia. Muuzaji mmoja alimfungulia boneti, shemeji akaangalia injini kwa muda mrefu kama daktari, kisha akasema haipendi rangi ya taa za nyuma. Yule muuzaji alinitazama mimi, nami nikatazama pembeni.

Sote tulijua anaogopa. Nilitaka kumwambia hivyo waziwazi, tena mbele za watu, kwa sababu miguu yangu ilikuwa imevimba. Dada alinikataza. Alisema nikimwambia nitampa sababu ya kukasirika, naye akikasirika hatakuja tena kuangalia gari. Nikameza. Nimemeza mengi kwa ajili ya ndoa ya watu wengine.

Dada naye alikuwa na kichaa chake. Muuzaji akianza habari za skrini na redio, yeye alimkatiza na kuuliza gari linavuta kiasi gani tela lisipokuwa na breki. Wengi walitaja ile hesabu kubwa ya tela lenye breki, wakadhani wamemaliza. Wachache waliotaja ile ndogo bila kubabaika aliwaambia walete gari chini ya kilima chetu, akawatwika mahema niliyoyalowesha mimi. Gari la kwanza lilinuka moshi katikati ya kilima. La pili lilirudi nyuma kidogo kabla ya kupanda, kidogo sana, na muuzaji akasema hiyo si kitu. Dada akamshukuru na kumwambia aende.

Siku hiyo ya jua la utosi aliyekuja alikuwa bwana mpole mwenye viatu vyeupe. Alileta SUV nzito ya rangi ya majivu, ya miaka ya nyuma, na shemeji alipoiona tu akasema inafanana na kabati la nguo. Nikapakia mahema, tukafunga tela, akalishusha hadi chini ya kilima na kugeuza. Bwana akaendesha, sisi tukafuata kwa miguu, maji yakichuruzika kutoka kwenye mahema na kutuloweshea ndala.

Katikati ya kilima dada akamwambia asimame. Akasimama. Akamwambia avute breki ya mkono na kuondoa mguu. Gari likatulia. Nilikuwa nimebeba jiwe la kuzuia gurudumu, dada akaniambia nilitupe mtaroni. Akamwambia bwana aondoe gari, na lilipanda bila kurudi nyuma hata kidogo. Akamrudisha chini, wakarudia, wakarudia tena, hadi yule bwana akaanza kujifuta jasho. Mara ya mwisho, gari likiwa limesimama pale pale katikati na breki ikiwa imevutwa, alimwomba ashuke.

Kisha dada akazunguka na kusimama nyuma ya tela, karibu kabisa.

"Njoo ulipandishe," alimwambia mumewe.

"Toka hapo nyuma."

"Nitatoka likifika juu."

"Nimesema toka hapo."

"Nimekusikia."

Nilimwambia ana wazimu. Nilimwambia akikanyagwa sitamuuguza, na mahema yake atafute mwingine wa kuyafua. Hakunigeukia hata kidogo. Nilikuwa nagomba kwa sauti ya juu na huku machozi yananitoka, kwa sababu niliogopa kweli kweli. Shemeji alimtazama, akalitazama gari, akamtazama tena. Hakukuwa na njia ya kumtoa mwanamke yule pale ila kuliondoa tela mbele yake.

Akapanda. Akashika usukani. Aliweka kioo sawa, akakiweka sawa tena, mpaka akamwona mkewe. Injini ikanguruma, na gari likaanza kupanda polepole. Dada akatembea nyuma yake, mkono mmoja karibu uguse tela, hadi juu.

Shemeji alivuta breki, akashuka na kunifokea mimi. Aliuliza ni nani aliyepakia mahema yote mabichi nyuma, kwani sijui kwamba uzito ukikaa nyuma unanyanyua ndoano ya kuvutia na tela linayumba. Hakuwa amemfokea mtu tangu ile ajali, alikuwa mpole hadi anachosha. Alianza kufungua kamba, akaingia chini ya turubai kuyavuta mahema mbele, mwenyewe.

Dada alikuwa amekaa kando ya barabara. Alikuwa akikamua maji kwenye pindo la gauni lake, pindo lile lile, tena na tena.

Yule bwana wa viatu vyeupe, ambavyo sasa vilikuwa vya kahawia, alimwendea taratibu na kumuuliza kama tunalichukua gari.

"Muulize Dereva," dada alisema.

Bwana akazunguka nyuma ya tela, akainamia turubai. "Dereva," aliita.

"Naam," shemeji akaitika.