Mzinga wa nyuki uliniangukia kifuani, mtani wangu Mgogo akadai godoro

Wakuu, kwema? Uzi huu si chai, kovu ninalo ubavuni.

Mimi ni Mnyamwezi wa Ipuli, Tabora mjini. Msimu wa kurina asali nilikwenda Kigwa kumsaidia shemeji kushusha mizinga. Ya kwetu ni ya magogo, siyo vile visanduku vya semina. Kamba ikakatika, gogo likatua kifuani kwangu. Nyuki walikuwa wameshahama, ndiyo bahati pekee niliyopata.

Nyumbani baba mdogo, ambaye udaktari wake ameusomea redioni, akaamua mbavu zifungwe zisitembee. Nikakazwa kitenge kifua kizima. Kila mgeni aliyekuja kunipa pole alikikaza tena, asionekane amekuja bure.

Kesho yake pumzi ikawa inaishia kooni. Nikisema siwezi kupumua, baba mdogo anafurahi, eti dawa inafanya kazi. Hospitali tusubiri kwanza uvimbe ushuke. Wakuu, niliogopa. Niliona nakufa huku nahudumiwa.

Ndipo akaja Chidawali, jirani yangu, Mgogo. Mnajua mtani hana adabu kwa mgonjwa. Akapanda kitandani na viatu, akatangaza kwamba babu zangu wabeba pembe za ndovu walipita Ugogo wakakwepa hongo, ule ushuru wa njia, kwa hiyo leo anachukua godoro. Watu wakacheka.

Siku zote hapo namrudishia yeye na ukoo wake. Nikafungua mdomo, hakikutoka kitu.

Chidawali akashuka. Akasema taratibu, "Huyu hajanijibu. Mnyamwezi akikosa tusi la kunirudishia, anakufa."

Wakacheka zaidi. Baba mdogo akafuta machozi, akamwambia leo umetisha.

Chidawali akakata kitenge kwa kisu cha jikoni, akaniburuta na godoro langu mpaka kwenye guta la mizigo lililokuwa nje. Ndugu zangu wanashangilia, wanajua anachukua hongo yake.

Hospitali, picha ikaonyesha mbavu zimevunjika, pafu limetoboka, na hewa iliyovuja imejaa kifuani inalibana. Nikawekewa mrija ubavuni. Daktari akauliza nani kanifunga vile. Baba mdogo, aliyekuwa ametufuata, akatoka kupokea simu ambayo haikuita.

Nilipopata pumzi nilimtukana Chidawali. Akakaa pembeni ya kitanda, akalia.

Nilichojifunza: mtu akiumia kifua na pumzi ikawa fupi, msimfunge kitenge. Mkimbizeni hospitali, hata kama mnacheka.

Haya, wenye watani leteni yenu, na wenye baba wadogo pia. Godoro bado liko kwa Chidawali. Silidai.